Mbwa wa Lusangi hahitaji biskuti, anahitaji chambo chenye chanjo

Katika maonyesho ya mbwa ya Ulaya na Marekani kuna mbwa mmoja anayeitwa basenji. Ni mdogo wa umbo, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo, na habweki kama wenzake. Hutoa sauti iliyo kati ya wimbo na kilio. Asili yake ni misitu ya Kongo. Waingereza walimpeleka kwao miaka ya 1930, na miaka ya 1940 chama kikuu cha wafugaji wa mbwa wa Marekani, American Kennel Club, kikamwingiza katika orodha ya koo zinazotambuliwa. Jina lake halihitaji kamusi kwa msomaji wa Kiswahili. Linahusishwa na neno lile lile la dharau, washenzi, ambalo watu wa misafara waliwaita wenyeji wa bara. Tusi la jana, leo limeandikwa kwenye vyeti vya ukoo vya mbwa wanaouzwa kwa mamia ya dola.

Basenji anayeishi Chicago anaweza kupewa, akikaa chini alipoambiwa akae, kipande cha ngozi ya samaki iliyokaushwa, sikio la nguruwe, pafu la ng'ombe lililokatwa vipande vidogo, au kijiti cha kutafuna kinachosafisha meno. Ndugu yake aliyebaki kusini mwa Maniema, katika vijiji vya Lusangi kati ya Kasongo na Kabambare, hupata ukoko wa bugali chunguni, mfupa ambao watoto wameshaufyonza, na siku ya mawindo, akibahatika, kipande cha utumbo wa mnyama aliyemkimbiza yeye mwenyewe.

Tofauti hiyo imeanza kuwavutia wafanyabiashara, na ndiyo sababu inafaa kujadiliwa. Kila soko la vitafunio vya wanyama linapokua, huibuka mtu wa kusema kwamba Afrika ndiyo soko lijalo. Kwa baadhi ya mitaa ya Nairobi au Kinshasa huenda ana hoja. Kwa Lusangi hana. Hata hivyo kipo kitafunio kimoja ambacho mbwa wa Lusangi anakihitaji sana, na hicho hakuna mfanyabiashara anayekitangaza.

Fedha ziko wapi

Kwanza tuelewe ukubwa wa jambo lenyewe. Chama cha wafanyabiashara wa bidhaa za wanyama wa nyumbani cha Marekani, APPA, kinasema Wamarekani walitumia dola bilioni 151.9 kwa wanyama wao mwaka 2024. Kati ya hizo, bilioni 65.8 zilikwenda kwenye chakula na vitafunio. Bajeti ya taifa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa mwaka huo huo ilikuwa kama dola bilioni 16. Kwa hiyo bakuli la mbwa na paka wa nchi moja lina thamani ya bajeti nne za Kongo, kuanzia mishahara ya walimu hadi gharama za jeshi.

Soko hili halikushuka kutoka mbinguni. Lilianza London karibu mwaka 1860, pale Mmarekani James Spratt, aliyekuwa amekwenda Uingereza kuuza vyuma vya kukinga radi, alipoanza kutengeneza biskuti za mbwa. Inasimuliwa kwamba aliwaona mbwa wa bandarini wakigombania biskuti ngumu zilizotupwa na mabaharia. Kabla ya hapo mbwa wa Ulaya alikula alichokula mbwa wa Kasongo: makombo. Spratt aliwashawishi matajiri kwamba makombo ni aibu, na mfanyakazi wake mmoja, Charles Cruft, akaja kuanzisha maonyesho makubwa ya mbwa yanayobeba jina lake hadi leo. Tangu siku hizo muuza biskuti na muuza fahari wanatembea pamoja.

Kilichobadilika miaka ya karibuni ni nafasi ya mnyama nyumbani. Familia zimekuwa ndogo, watu wengi wanaishi peke yao, na mbwa au paka amechukua kiti cha mtoto. Nchini Japani idadi ya mbwa na paka wa nyumbani imezidi ile ya watoto wa chini ya miaka 15. Mtu aliyemfanya mbwa mwanawe hamnunulii chakula cha mbwa tu. Humnunulia kile ambacho angemnunulia mtoto. Ndiyo maana pakiti za vitafunio sasa zina maneno ya hospitali na ya mkahawa: vya viungo vya mwili, vya meno, vya kutuliza wasiwasi, visivyo na ngano, vyenye nyama ya aina moja tu. Uviko-19 ulipowafungia watu ndani mwaka 2020, wengi waliongeza wanyama nyumbani. Bei zilipopanda baadaye, baadhi ya wanunuzi walihamia pakiti za bei nafuu, lakini hawakuacha kununua.

Ukizisoma orodha za viambato nyuma ya pakiti hizo, mtu wa Maniema atakutana na majirani. Wanga wa muhogo unatumika kushikanisha vitafunio visivyo na ngano. Mchele umo, na mchele ni zao ambalo Waswahili wa Tippu Tip waliliingiza Maniema katika karne ya 19 na ambalo Kasongo bado inajivunia. Siagi ya karanga imo pia. Siku hizi umeongezwa unga wa wadudu, unaouzwa Ulaya kama ugunduzi mpya wa kuokoa mazingira. Akina mama wanaouza viwavi na kumbikumbi sokoni wangecheka sana.

Ndoto ya kuuza nje

Hapo ndipo ndoto ya biashara inapozaliwa. Kama muhogo, karanga na wadudu vimo ndani ya pakiti, kwa nini Kasongo isiuze? Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na kwenye karatasi njia ya kwenda bandari ya Dar es Salaam imefunguka.

Barabarani ni hadithi nyingine. Gunia la karanga kutoka kijiji cha Kabambare husafiri kwa baiskeli, kisha kwa pikipiki, kisha kwa lori kama mvua haijakata njia. Reli iliyojengwa wakati wa Wabelgiji hupita Samba, ng'ambo ya Lualaba, na treni yake si ya kupangia ratiba. Kabambare yenyewe imebeba miaka ya vurugu za Mai-Mai Malaika kuzunguka mgodi wa dhahabu wa Namoya, na kila kizuizi njiani kina mkono ulionyooshwa. Mnunuzi wa kitafunio cha mbwa huko Hamburg anadai cheti cha usafi, kipimo cha sumukuvu kwenye karanga, na shehena ifike siku iliyotajwa. Mkulima wa Lusangi hana hata kimoja cha kuthibitisha hayo, na si kosa lake.

Kuna jambo zito kuliko barabara. Vitafunio vya mbwa vya nchi tajiri vimejengwa juu ya masalio. Pafu, sikio, kongoro, miguu ya kuku, ngozi ya samaki: vyote ni vitu ambavyo mlaji wa huko amevikataa, kiwanda kikavikausha na kuvipa jina zuri. Kusini mwa Maniema masalio hayo hayapo. Mbuzi akichinjwa, kichwa kina mwenyewe, utumbo una mwenyewe, miguu ina mchuzi wake, na ngozi huchomwa nywele ikaliwa. Miguu ya kuku ni haki ya watoto. Kuanzisha kiwanda cha vitafunio vya mbwa hapo maana yake ni kushindana na sufuria ya mtu. Mfano tayari upo: dagaa wa Ziwa Viktoria, omena kwa Wakenya na mukene kwa Waganda, kwa sehemu kubwa huishia viwanda vya chakula cha mifugo, huku mama mwenye watoto akipandishiwa bei ya kisado. Anayetaka kuleta ushindani huo kwenye soko la ndakala la Kasongo afikiri mara mbili.

Mbwa ambaye hana soko

Hakuna haja ya kudanganya kwamba mbwa wa Lusangi anapendwa kama mtoto. Maniema ina Waislamu wengi kuliko mikoa mingine ya Kongo, urithi wa enzi ambapo Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip, na nyumba nyingi za Waislamu hazimruhusu mbwa kuvuka kizingiti kwa sababu ya mate yake. Lakini si kweli kwamba hathaminiwi. Surat Al-Maida inahalalisha mawindo yaliyokamatwa na mnyama aliyefundishwa, na kila aliyepita madrasa amesikia hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Mbwa wa hapa ni mfanyakazi. Hufungwa kengele ya mti shingoni ili mwindaji amfuate msituni, humswaga mnyama hadi kwenye wavu, na usiku hulala nje akilinda mbuzi na kuku. Hufungwa kamba mara chache sana, kwa hiyo hutembea kijiji kizima, hula jaani, hucheza na watoto na hupigana na mbwa wa vijiji vya jirani.

Kwa sababu hiyo hiyo, akipata kichaa hapati peke yake.

Kichaa cha mbwa, au raje kwa lugha ya waganga wa Kongo, huua karibu kila mtu ambaye dalili zake zimeshaanza. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka, takriban asilimia 95 vikiwa Afrika na Asia, na karibu vyote vikitokana na kuumwa na mbwa. Wanne kati ya kila kumi wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ndiye anayemsogelea mbwa, ndiye mfupi kiasi cha kuumwa usoni, na ndiye anayeficha alama ya jino akiogopa kuchapwa.

Aliyeumwa anaweza kuokolewa kama ataoshwa jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha akaanza sindano za chanjo bila kuchelewa. (Wale wanaokumbuka fundisho la kuosha mara saba, moja kwa udongo, wakumbuke pia kwamba linahusu chombo alichoramba mbwa. Jeraha halipakwi udongo.) Sabuni ipo kila kijiji. Sindano ndiyo shida. WHO inakadiria kwamba tiba hiyo humgharimu mgonjwa wastani wa dola 108, ukijumlisha nauli na siku za kazi zilizopotea. Kwa familia inayoishi kwa dola moja au mbili kwa siku, hiyo ni hesabu ya kuuza mbuzi wote na kukopa juu yake, kisha kupanda pikipiki kuelekea mjini bila uhakika kwamba dawa itakuwepo. Tangu 2024 muungano wa chanjo wa Gavi umefungua mlango kwa nchi maskini kuomba msaada wa chanjo hii kwa binadamu. Ni habari njema, lakini ni kuzima moto baada ya nyumba kushika. Moto wenyewe uko kwa mbwa.

Vichwa vya kuku vya Uswisi

Hesabu ya kuzuia inajulikana. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuruka kutoka mbwa hadi mbwa na hufifia. Mfano wa karibu unazungumza Kiswahili: Pemba. Kampeni za kuchanja mbwa kisiwani humo zilikiondoa kichaa mwaka 2014. Kikarudi mwaka 2016, kikiletwa kutoka nje ya kisiwa, na chanjo zikakiondoa tena mwaka 2018. Pemba si tajiri. Ina wafugaji wachache wa mbwa na Waislamu wengi, kama Kasongo.

Ugumu wa Lusangi ni kwamba mbwa wa mawindo hapendi kushikwa na mgeni mwenye sindano. Mbwa wa Pemba au wa Serengeti huletwa na mtoto kwa kamba hadi chini ya mwembe anaposubiri mganga wa mifugo. Mbwa aliyezoea msitu huota mbawa. Kwa mbwa wa namna hiyo ipo chanjo ya kumeza. Dawa ya maji hutiwa kwenye kifuko kidogo, kifuko hufichwa ndani ya chakula kitamu, mbwa akitafuna kifuko hupasuka na dawa hulowanisha kinywa chake. Yaani ni kitafunio.

Wazo hilo lina historia ya kuchekesha. Mwaka 1978 Uswisi ilianza kuwachanja mbweha wa porini dhidi ya kichaa kwa kutupa msituni vichwa vya kuku vilivyotiwa chanjo. Mbweha wakala, ugonjwa ukarudi nyuma, na nchi nyingine za Ulaya zikaiga, baadaye kwa vyambo vya viwandani vilivyodondoshwa kwa ndege. Kichwa cha kuku, kitu ambacho Mswisi hali, kilifanya kazi ambayo bunduki za kuua mbweha zilishindwa kuifanya kwa miaka. Kwa upande wa mbwa, Haiti na Thailand zimetumia vyambo, na Namibia imevijaribu kaskazini mwa nchi kwa ladha ya yai, mbwa wengi wakavipokea bila ubishi. WHO inavikubali kama nyongeza ya sindano kwa mbwa wasioshikika.

Huku viwanda vikitumia akili nyingi kujua kama mbwa wa Marekani anapenda zaidi ladha ya bata au ya samaki, hakuna anayemuuliza mbwa wa Maniema. Naye jibu lake lingekuwa na maana: je, angependelea chambo cha yai, cha utumbo wa mbuzi uliochemshwa, au cha ndakala? Utafiti huo wa ladha ungefanyika kwa sufuria moja na mbwa hamsini. Huo ndio uchunguzi wa soko ambao Lusangi inaustahili.

Pingamizi zenye uzito

Watakaopinga wana hoja, na zisifunikwe. Chanjo ya kumeza ni ghali kuliko ile ya sindano kwa dozi. Virusi vilivyomo ni hai vilivyodhoofishwa, hivyo anayegawa lazima asubiri mbwa amalize na aokote kifuko, kisije kikachezewa na mtoto. Inahitaji baridi, na umeme wa kijijini ni jua na betri. Friji za sola zilizopo vituo vya afya ni za chanjo za watoto, na wasimamizi wake hawatafurahi kuona dawa ya mbwa kando ya ya surua.

Kwa hiyo kosa lingekuwa kuweka matumaini yote kwenye chambo. Mbwa wa nyumbani wanaoshikika wachomwe sindano, chambo kibaki kwa wakaidi. Kwa sindano tatizo la baridi ni dogo kuliko linavyodhaniwa. Watafiti wanaofanya kazi Tanzania walionyesha kwamba chanjo moja ya mbwa iliyo kwenye matumizi ya kawaida hubaki na nguvu hata ikikaa miezi sita kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, au mitatu kwenye nyuzi 30. Wakabuni pia chombo cha vyungu vya udongo, kimoja ndani ya kingine, chenye mchanga uliolowanishwa katikati, kinachotunza ubaridi bila umeme. Ni mtungi ule ule wa bibi, umepewa kazi mpya. Wafinyanzi hawajaisha Maniema.

Wala Kasongo si mji wa kufundishwa maana ya chanjo. Mwaka 1981 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha utafiti wa Kasongo kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wadogo, na madaktari wa afya ya jamii duniani waliujadili kwa miaka mingi. Mradi wa Kasongo, uliofanywa na taasisi ya tiba ya Antwerp pamoja na wahudumu wa hapa, ulikuwa shule ya jinsi hospitali ya wilaya inavyoweza kufanya kazi mashambani. Leo Lusangi ni mojawapo ya zoni 18 za afya za Maniema, na wahudumu wake wa jamii wanajua kupita mlango kwa mlango na matone ya polio. Anayeweza kuhesabu watoto wa kijiji anaweza kuhesabu na mbwa wake.

Kinachokosekana ni mtu wa kuliita jambo hili lake. Mbwa yuko chini ya huduma ya mifugo. Mtoto aliyeumwa yuko chini ya wizara ya afya. Barabara na usalama viko kwa wengine. Mkaguzi wa mifugo wa teritwari mara nyingi hana pikipiki, na daktari mkuu wa zoni ana pikipiki lakini hana amri juu ya mbwa. Kamati moja ya watu watano, yenye mkaguzi, daktari, shefu, imamu na padri, ingegharimu chai. Imamu na padri si mapambo. Katika vijiji ambako mwenye mbwa anaona haya kumtaja, tangazo likitoka msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, mbwa wengi ambao hawakuwepo kwenye orodha yoyote watajitokeza.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur. Kwa kusini mwa Maniema tarehe hiyo ni mbaya: mvua zimeshaanza na njia ya Kabambare imeanza kuteleza. Wakati unaofaa ni kiangazi, Juni hadi Agosti, nyasi zinapochomwa na wawindaji wa vijiji kadhaa hukutana na mbwa wao wote mahali pamoja kabla ya kuingia porini. Asubuhi hiyo, kabla kengele za mti hazijafungwa shingoni, mgawaji mmoja mwenye mtungi wa udongo na kikapu cha vyambo angewapata mbwa ambao mwaka mzima hawashikiki.